Sisi Tuko Wapi? Kuisoma Ramani ya Europa Universalis Nikiwa Kikuyu, Dodoma

Leo sileti riwaya wala diwani. Naleta ramani, tena ramani ya gemu ya kompyuta. Najua kuna watakaouliza gemu inahusiana nini na fasihi, nami nawaomba mnivumilie kidogo. Kazi yoyote inayoamua nani atajwe kwa jina na nani asitajwe, nani awe mhusika na nani awe mandhari tu, hiyo inahakikiwa. Na hii ninayoileta ina sifa moja ambayo riwaya hazina: kila baada ya miezi kadhaa mwandishi anarudi, anafuta, anaongeza, kisha anakupa toleo jipya na la zamani linatoweka. Hebu fikiria kitabu kinachojiandika upya kikiwa kabatini kwako.

Kwanza niseme niko wapi, maana hoja yote inaanzia hapo. Niko Kikuyu. Si ile ya Kenya, ingawa ndiyo kila mtu huniuliza. Ni Kikuyu ya Dodoma mjini, upande wa Chuo Kikuu cha St John's, pale palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Jioni, umeme ukiwa wa kuaminika na vumbi limetulia, mimi hufungua kompyuta yangu ya mtumba na kucheza Europa Universalis IV. Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa nami likizo. Yuko darasa la sita. Alisimama nyuma ya kiti akiniangalia nikisogeza majeshi, halafu akauliza swali ambalo kila mtoto huuliza mbele ya ramani: "Mjomba, sisi tuko wapi?"

Nikasogeza mshale. Nikaanzia Unguja, nikashuka pwani, nikaingia bara nikiifuata kwa kubahatisha njia ya reli ambayo ndani ya mchezo haipo. Nikafika katikati. "Hapa," nikamwambia. Palikuwa na rangi ya kijivu, hakuna jina, hakuna mpaka.

Akatazama. Akasema, "Mbona pamezimwa?"

Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Kwa wasioijua gemu hii: imetengenezwa na studio ya Paradox ya Stockholm, Sweden, ikatoka Agosti 2013. Unaanza tarehe 11 Novemba 1444 na unaweza kuendelea hadi 3 Januari 1821. Dunia nzima imekatwa vipande vidogo vinavyoitwa majimbo. Unachagua dola, iwe Ureno, Ming au Kilwa, na unaiongoza kwa karne karibu nne. Kila jimbo lina jina, dini, utamaduni, bidhaa yake na kiwango chake cha maendeleo. Yaani kuwa jimbo ni kuwa na sentensi yako katika kitabu cha dunia: hapa ni mahali fulani, watu wake ni fulani, wanaabudu hivi, wanauza hiki.

Ramani yenyewe imekuwa ikikua. Mwanzoni pwani yetu ilikuwapo, maana Kilwa ni vigumu kuikwepa hata ukitaka, na Ethiopia ilikuwapo. Bara kubwa nyuma ya pwani lilikuwa halichezeki. Kisha yakaja masasisho. Oktoba 2014, pamoja na nyongeza iitwayo Art of War, ramani ilichorwa upya sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Afrika ya kati: ukifungua mchezo ukaelekea Maziwa Makuu, kumbe sasa kuna Buganda, Bunyoro, Rwanda, Burundi, Karagwe, na upande wa magharibi dola jirani za Kongo. Novemba 2021 ikaja Origins, nyongeza nzima kuhusu Afrika, yenye misheni mpya za Mali, Songhai, Ethiopia na Kongo.

Mimi sikuyapata masasisho hayo kwa mpangilio. Mtandao wangu ulikuwa wa kupimia kwa kijiko, kwa hiyo toleo jipya lilinifikia kwenye flashi ya rafiki, na sitasema flashi ilitoka wapi. Nilikuwa nacheza ramani ya mwaka juzi, halafu siku moja naruka matoleo matano kwa mkupuo. Ndiyo maana naukumbuka vizuri ule usiku niliposhuka na kalamu ya macho kutoka Kagera kwenda kusini nikihesabu majina mapya. Karagwe! Niliinuka kwenye kiti. Nikaendelea kusogea kuelekea nyumbani, na majina yakaisha. Kijivu kikaanza. Kati ya maziwa na pwani, toleo jipya lilikuwa limeniacha palepale nilipokuwa katika la zamani.

Sasa hapa mhakiki lazima awe mwangalifu, maana ni rahisi kulalamika. Nani anaingia kwenye ramani linapotoka toleo jipya? Ukiangalia orodha utaona mantiki. Wanaoingia ni wenye mfalme, ukoo wa kifalme na orodha ya watawala. Mchezo huu unaelewa dola tu. Una kitufe cha mfalme, kitufe cha mrithi, kitufe cha hazina. Buganda ina kabaka, basi ina pa kuingilia. Ugogo haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mtemi wake, na kazi kubwa ya mtemi ilikuwa mvua na ardhi kuliko jeshi. Mtu alihama na ng'ombe wake njaa ilipokuja, na njaa ilikuja mara nyingi. Utamwekea huyu kitufe gani?

Na kuna ugumu wa pili, ambao naukubali kwa moyo mweupe. Tuseme watengenezaji wangeandika "Gogo" katikati ya ramani ya mwaka 1444. Ningefurahi kwa dakika moja, kisha ningewaandikia kwamba wamekosea. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa Dodoma, yuleyule wa ngonjera, alituachia Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Ukikisoma, jambo linalokukaa ni mwendo: koo zinatoka huku na kule, zinakutana, zinagawana nchi. Mgogo anayejitokeza humo ametengenezwa na safari nyingi. Hata jina lenyewe, wapo wanaosimulia kwamba ni wapita njia wa Unyamwezi waliowaita hivyo kwa sababu ya magogo. Kumpeleka Mgogo huyo mwaka 1444, na mpaka wake, na bendera yake, ni kubuni.

Kwa hiyo simlaumu mtengenezaji kwa kutokuandika jina langu. Ninacholaumu ni rangi.

Nieleze. Mchezo huu una namna mbili za kunyamaza. Ya kwanza ni weupe: nchi ambayo dola yako haijaifikia hufunikwa na weupe, na ukituma wavumbuzi weupe unafunguka. Weupe unasema, "Sijui bado." Namna ya pili ni kijivu: eneo lisilokalika. Kijivu hakifunguki. Hakuna jeshi linaloingia, hakuna mlowezi anayetumwa, hata ukicheza mpaka 1821. Kijivu kinasema, "Najua, na hapana kitu." Sahara ni kijivu. Vilele vya Himalaya ni kijivu. Na sebule yangu.

Wachora ramani wa zamani waliijua tofauti hii. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alichora ramani ya Afrika akafanya jambo la ujasiri: alifuta milima na falme ambazo waliomtangulia walizirundika bara bila ushahidi. Akaacha pengo tupu. Tunaweza kubishana kuhusu pengo lile lilikuja kutumiwa vipi na wenye tamaa, lakini lenyewe lilikuwa ungamo la mtu asiyejua. Karne moja baadaye, miaka ya 1850, wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani, walikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara wakachora ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lenye umbo kama konokono asiye na gamba. Walikosea, maana walikuwa wameunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini kosa lao lilitokana na kuwasikiliza watu waliokuwa wamefika. Kati ya pengo la d'Anville na konokono wa wamisionari, kijivu cha gemu yetu ndicho kisichokiri chochote.

Na je, ni kweli palikuwa hapakaliki? Tuanze na karne zilezile za mchezo. Kaskazini yetu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka: vijiji vya mawe, mifereji, na mashamba ya kumwagilia yanayofikia hekta 2,000 hivi. Wanaakiolojia wanayaweka kati ya karne ya 15 na ya 18. Hesabu mwenyewe: karibu yote ni ndani ya kalenda ya Europa Universalis. Watu walivuta maji kwa mifereji katika bara kavu hilihili wakati Kilwa yangu ikihangaika na Wareno kwenye skrini.

Halafu njoo Ugogo wenyewe. Ushahidi wa maandishi ni wa baadaye kidogo, karne ya 19, lakini unashangaza kwa jinsi unavyokigeuza kijivu kichwa chini miguu juu. Msafara uliotoka Bagamoyo ukifika Mpwapwa ulijiandaa kwa Marenga Mkali, kipande cha nchi kilichopewa jina kwa uchungu wa maji yake, ambacho wapagazi walikivuka kwa mbio na vibuyu vimejaa. Hiyo ndiyo nyika ya kweli. Na ng'ambo yake palikuwa na nini? Ugogo. Visima, nafaka, mifugo. Na ng'ambo ya Ugogo, kwenda Tabora, nyika nyingine: Mgunda Mkali. Ugogo ulikuwa ndio mahali pa kunywa maji katikati ya mahali pawili pa kiu. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walilipa. Nguo, shanga, waya, kwa kila mtemi mwenye kisima. Burton aliyalalamikia malipo hayo kitabuni kama mtu aliyekatiwa tiketi mbili.

Malipo hayo yaliitwa hongo. Wapenzi wa lugha, simameni hapa. Leo hongo ni rushwa, ni jambo la aibu, unaliona kwenye mabango ya kampeni. Katika Kiswahili cha misafara hongo ilikuwa ushuru: umepita nchini kwangu, umekunywa maji yangu, toa haki yangu. Neno lilihama kutoka ushuru hadi rushwa, nami kila nikilitazama najiuliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani wakati linahama. Mpita njia, bila shaka. Mwenye kisima hawezi kuuita ushuru wake rushwa.

Tena tusijifanye Kiswahili hakina kijivu chake. Nyika ni neno letu. Watu wa pwani waliita nyika kila kilichokuwa nyuma yao, na majirani zao kule Mombasa wakaitwa Wanyika, wakati wao wenyewe walijua majina yao tisa. Stockholm haikuanzisha jambo hili.

Hapa nilidhani makala imeisha: gemu imekosea, Wagogo walikuwapo, asanteni. Mpwa wangu ndiye aliyeiharibu hitimisho yangu.

Nilimwachia kompyuta wiki nzima. Akachagua Kilwa, kama nilivyomfundisha. Akajenga merikebu, akawazuia Wareno, akala Malindi na Mombasa, akazunguka kwa kusini mpaka maziwani. Siku moja akaniita kwa sauti. Kile kijivu cha katikati kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa na rangi ya Kilwa.

"Mjomba, tumeshachukuliwa," akasema. "Wala sijapigana."

Ni kanuni ya mchezo. Eneo lisilokalika likizungukwa kiasi cha kutosha na majimbo ya dola moja, hupakwa rangi ya dola hiyo ili ramani ipendeze. Hakuna askari aliyekanyaga, hakuna mkataba, hakuna aliyeulizwa. Macho yanapenda rangi isiyo na tundu.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, mstari uliojikunja kuizunguka Kilimanjaro. Sultani wa Unguja aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Kusini ya mstari pakawa pa Mjerumani. Ugogo ulikuwa kusini ya mstari. Hakuna mtemi aliyeitwa kwenye meza ile. Kwenye karatasi, tulipakwa rangi kwa sababu tulikuwa katikati ya vitu vilivyokwisha kupakwa. Watengenezaji wa gemu walitaka tu ramani nzuri, na bila kukusudia wakaandika sentensi ya kweli kuliko zote kuhusu historia yetu.

Na kuna la pili, linalonisumbua zaidi. Katika miaka yote niliyocheza, kabla kijivu hakijapakwa, pale ndipo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo sikuweza kupeleka jeshi. Karagwe, niliyoishangilia ilipoingia kwenye ramani, niliiteka mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuhesabu. Rwanda pia. Kuingizwa kwenye ramani hii ni kupewa jina na, papo hapo, bei: gharama ya kukuteka inahesabiwa kwa maendeleo yako. Sasa namtakia nini Mgogo? Jina na bei, au kijivu na usalama? Sisi wa Dodoma tunaujua utamu na uchungu wa kuingizwa kwenye ramani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, nyota ikachorwa kwenye atlasi za shule, na miongo mingi ikapita wizara zikiwa bado Dar es Salaam. Msukumo mpya ulipokuja mwaka 2016, na sheria mwaka 2018, viwanja ambavyo babu zetu waliviita malisho vikapata namba. Sisemi ni vibaya. Nasema ramani ikishakuona, haikuachi kama ulivyokuwa.

Ndiyo maana naitazama kwa hamu, na kwa tahadhari, Europa Universalis V iliyotoka tarehe 4 Novemba 2025. Kompyuta yangu haiwezi kuibeba, kwa hiyo naijua kwa video za wengine, na uhakiki wangu uupime hivyo. Inaanza mwaka 1337, miaka sita tu baada ya Ibn Battuta kufika Kilwa. Kabla haijatoka, studio iliweka wazi rasimu za ramani, eneo baada ya eneo, ikaomba wachezaji waisahihishe. Hilo peke yake ni badiliko la tabia ya mwandishi. Lakini kubwa ni hili: sasa mchezo unahesabu watu. Mahali panaweza kuwa na watu, utamaduni na dini yao, bila kuwa mali ya dola yoyote. Swali la kwanza limebadilika kutoka "nani anatawala hapa?" kuwa "nani anaishi hapa?" Hayo ndiyo masasisho ya kweli. Kuongeza majimbo ni kurefusha sura. Kubadilisha swali ni kuandika kitabu kingine. Bado sijui mwenye kisima atapewa haki yake ya kutoza. Lakini angalau anaweza kuhesabiwa bila kwanza kuvishwa taji.

Je, EU4 ichezwe? Ichezwe, na isomwe. Ni mojawapo ya maandishi makubwa ya miaka yetu kuhusu historia, na ubora wake ni kwamba makosa yake yanaonekana kwa macho, yana rangi. Nikikutana na mtengenezaji mmoja, sitamwomba aandike jina la kabila langu. Nitamwomba abadilishe kijivu kile kiwe weupe. Sijui bado. Maneno mawili tu, yanatosha kwa toleo moja.

Mpwa wangu alirudi kwao likizo ilipoisha. Kabla hajaondoka alijaribu kubofya katikati ya ramani ili aandike "Kikuyu", kama alivyokuwa akiyabadilisha majina ya majimbo mengine aliyoyateka. Haikubali, kijivu hakina pa kuandika, hata kikiwa kimepakwa rangi yako. Nikamwazima fotokopi yangu ya Mnyampala akaisome njiani. Kurasa kadhaa za katikati zimefifia kabisa. Mwenye nakala nzuri ya 1954 naomba anitafute.